UBUNIFU KATIKA UTUMISHI WA UMMA: FUNZO LA MBIRU NA NDIVA ZA UPARE

Utangulizi

Kila kipindi cha historia huwa na neno lake ambalo viongozi wote hulitia katika hotuba. Katika kipindi chetu neno hilo ni ubunifu. Watumishi wa umma wanahimizwa wawe wabunifu. Halmashauri zinatakiwa zibuni vyanzo vipya vya mapato. Maofisa wanapelekwa semina za ubunifu na kurudi na vyeti. Neno lenyewe si baya. Lakini neno likitamkwa mno bila kuchambuliwa hugeuka kasumba: watu hulirudia pasipo kujiuliza lina maana gani na linamtumikia nani. Kazi ya nadharia ni kulichambua neno la namna hiyo kwa kulipambanisha na historia halisi ya watu halisi.

Makala hii inajaribu kufanya kazi hiyo kwa kuhakiki kitabu kimoja kidogo na kukisoma mahali pake, yaani Same na milima ya Upare. Kitabu chenyewe ni Mbiru, kilichoandikwa kwa Kiingereza na marehemu Profesa Isaria Kimambo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 1971. Huenda msomaji akauliza: kwa nini tuhakiki leo kitabu cha zaidi ya miaka hamsini iliyopita? Jibu ni kwamba kitabu hiki, ambacho kwa kawaida husomwa kama historia ya upinzani dhidi ya mkoloni, ni pia historia ya ubunifu wa serikali uliokataliwa na wananchi. Makada wengi wanakijua kwa jina, wachache wamekisoma, na walio wachache zaidi wamejiuliza kinatuhusu nini sisi tulioshika kalamu za ofisi hizo hizo.

Dai la makala hii ni moja. Ubunifu katika serikali haupimwi kwa upya wake, wala kwa uzuri wake katika karatasi. Unapimwa kwa maswali mawili: ni nani anayeshika kipimo, na ni nani anayeona hesabu?

1. Kodi iliyokuwa ya haki katika karatasi

Tuanze na mambo yaliyotokea. Mwanzoni mwa miaka ya 1940, wakati wa Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni ilitafuta njia ya kuongeza mapato ya hazina za wenyeji katika wilaya ya Pare. Wakati huo wilaya ilikuwa moja, makao yake makuu yakiwa Same, na ilikusanya pamoja sehemu ambazo leo ni wilaya za Same na Mwanga. Mwingereza alitawala kwa kuwapitia watawala wa jadi, wafumwa, ambao alikuwa amewafanya watumishi wake wenye mishahara. Kodi ya kichwa ilikuwa imezoeleka: kila mwanamume alilipa kiasi kile kile, awe na ng'ombe ishirini au awe hana hata mbuzi.

Hapo ndipo wakubwa walipobuni jambo jipya. Pamoja na kodi ya kichwa, kila mlipaji angepimwa mali na mapato yake, mifugo na mazao, kisha alipe kwa kadiri ya uwezo wake. Ili jambo hilo lipokelewe kama mila, liliitwa mbiru, jina la ada waliyokuwa wakitoa watu kwa mtawala wao zamani. Wataalamu waliridhika. Walikuwa na kodi ya kisasa iliyovikwa vazi la jadi.

Wananchi hawakuridhika. Januari 1945 maelfu ya wanaume walishuka milimani, wakaenda Same na kupiga kambi makao makuu ya wilaya wakitaka kodi ile iondolewe. Miongoni mwa viongozi wao anatajwa Paulo Kajiru wa Mamba, ambaye hakuwa mfumwa wala mtu wa ofisi. Huko Usangi wanawake, ambao walikuwa wameachiwa mashamba na watoto, nao waliingia katika mapambano: waliwakabili maofisa na kuwadai watafute suluhisho ili waume zao warudi nyumbani. Mgogoro haukumalizwa na vitisho wala na adhabu. Kufikia mwaka 1947 kodi ile ilikuwa imeondolewa, na serikali ikarudi kwenye kodi ya kiwango kimoja.

Nguvu ya kitabu cha Kimambo iko hapa: kinakataa kuueleza upinzani huu kama kazi ya wasomi wachache waliowachochea wakulima wasiojua kitu. Kinawaweka wakulima wenyewe mbele ya historia, kwa akili zao na kwa umoja wao. Mwaka 1971, mwaka ule ule wa Mwongozo wa TANU, huo ulikuwa msimamo wa maana. Historia nyingi za ukombozi zilikuwa zikiandikwa kama tarehe za mikutano ya viongozi. Kimambo aliandika juu ya watu walioshuka mlima kwa miguu yao.

2. Je, Wapare walipinga usawa?

Lakini kada mwangalifu lazima asumbuliwe na jambo moja katika kisa hiki. Nadharia yetu inafundisha kwamba kila mtu achangie kwa kadiri ya uwezo wake. Kodi inayopanda na mapato ni ya haki kuliko kodi ya kichwa, ambayo humkamua maskini sawa na tajiri. Kwa kipimo hicho Mwingereza ndiye aliyeleta kodi ya kimaendeleo, na wakulima wa Upare ndio walioikataa na kudai kurudishiwa ile ya zamani. Je, walikuwa wapinga usawa? Je, walidanganywa na matajiri wenye mifugo na kahawa?

Swali hili huzuka kila ninapofundisha kisa cha mbiru, na halifai kukwepwa. Wako wanafunzi wanaojibu upesi kwamba kila kilichopingwa na umma wakati wa ukoloni kilikuwa kibaya. Jibu hilo ni la uvivu. Wako wanaojibu kwamba umma ulikosea kwa kukosa elimu ya siasa. Jibu hilo ni la hatari zaidi, kwa sababu ndilo jibu la umangimeza katika kila zama.

Tutazame namna kodi ilivyofanya kazi, wala si namna ilivyoandikwa. Kodi ya kichwa ilikuwa ya dhuluma, lakini kiasi chake kilijulikana na kila mtu. Mtoza kodi hakuwa na nafasi ya kuongeza wala kupunguza. Mbiru ilimpa mpimaji mamlaka ya kuingia katika mambo ya nyumba ya mtu, kuhesabu mifugo yake, kukisia mavuno yake na kutamka kiasi. Mpimaji huyo alisimama upande wa utawala wa mfumwa, na mfumwa alisimama upande wa aliyemlipa mshahara. Aliyepimwa hakumchagua mpimaji, hakuwa na mahali pa kumshtaki akakuta mtu mwingine, na hakuonyeshwa fedha imefanya nini. Haki ya kiwango ilikabidhiwa mikononi mwa utawala usio na haki, ikageuka njia mpya ya upendeleo.

Na jina je? Mbiru ya zamani ilikuwa sehemu ya uhusiano wa pande mbili: mtawala aliyepokea alikuwa na wajibu kwa watu wake, na watu walijua wajibu huo ni upi. Mkoloni alichukua jina akauacha wajibu. Watu walilitambua tusi hilo mara moja.

Kwa hiyo Wapare hawakupinga usawa. Walikataa kupimwa na mtu wasioweza kumpima. Ulimwengu umeshuhudia kisa kama hicho kikiwa kimegeuzwa upande. Serikali ya Margaret Thatcher huko Uingereza ilileta kodi ya kichwa kwa ajili ya serikali za mitaa, Scotland mwaka 1989, England na Wales mwaka 1990. Safari hii watu walikataa kodi ya kiwango kimoja, wakagoma na kuandamana, na mwaka 1993 nayo ikaondolewa. Huku walikataa kodi yenye viwango mbalimbali, kule walikataa ya kiwango kimoja. Katika nchi zote mbili mpango ulibuniwa juu na watu wakaambiwa wautekeleze. Hapa kwetu pia mbiru haikuwa peke yake. Katika milima ya Uluguru mpango wa kulazimisha matuta ya kuhifadhi udongo ulizusha ghasia mwaka 1955 na ukaachwa. Kuhifadhi udongo ni jambo jema; kulazimishwa na watu waliokudharau ni jambo jingine.

3. Ndiva: serikali isiyo na meza

Hapa ndipo ninapoachana kidogo na kitabu. Somo la Kimambo ni upinzani, na upinzani anaueleza vizuri. Lakini mkulima anayepinga ni nusu tu ya mkulima. Tukimjua kwa kukataa kwake tu, tutabaki na picha ya mtu anayejua kusema hapana, na mtawala atabaki kuwa ndiye pekee anayebuni. Lazima tuulize: watu hawa waliokataa mbiru walikuwa wakijitawala vipi katika mambo yao wenyewe?

Jibu limo katika maji. Mji wa Same umo katika uwanda mkavu, upande ambao mvua huishia mlimani. Juu kuna misitu na vijito. Chini kuna udongo unaosubiri. Wakati wa kiangazi kijito huwa chembamba. Ukikielekeza moja kwa moja shambani, maji hunywewa na mfereji kabla hayajafika kwa mtu wa mwisho. Wapare walilitatua tatizo hili kwa ndiva, bwawa dogo lililojengwa kwa mawe na udongo katika mteremko. Usiku, ambapo watu wamelala, maji hukusanyika ndani yake. Asubuhi kizibo hufunguliwa na maji hutoka kwa nguvu, yakafika mbali kwa muda mfupi. Maji ambayo yangepotea usiku kucha huwa mahindi na maharage.

Utaratibu wa watu uliolizunguka bwawa ni ubunifu mkubwa kuliko bwawa lenyewe. Maji hugawanywa kwa zamu, na kila mtu anaijua zamu yake na ya jirani yake. Kazi ya kusafisha mfereji na kuzibua ndiva hufanywa kwa msaragambo, kazi ya pamoja ya Wapare ambayo pia imejenga barabara, shule na zahanati nyingi milimani. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, walisema wahenga. Upare ikilia watu hutoka na majembe. Asiyefika hutozwa faini, na faini hiyo haitolewi na mtu aliyejifungia chumbani, kwa kuwa waliofika wote wameona nani hakufika. Wanaotumia ndiva moja huwa na msimamizi wao, naye hupimwa kila asubuhi kwa jambo ambalo haliwezi kufichwa: maji yamefika au hayakufika.

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine na wenzao wa ng'ambo wamefanya uchunguzi mwingi katika bonde la Makanya, wilayani Same, ili kuelewa namna wakulima wa vijiji vya juu kama Vudee na vya chini kama Bangalala wanavyogawana maji ya vijito vile vile. Walikuta mapatano, majadiliano na magomvi pia. Walikuta, kwa maneno ya siasa, serikali isiyo na meza.

Sasa tulinganishe. Mbiru ilimpima mtu faragha. Zamu ya ndiva hupimwa hadharani. Mpimaji wa mbiru aliwajibika kwa bwana aliye mbali. Msimamizi wa ndiva huwajibika kwa watu anaokutana nao njiani. Fedha ya mbiru ilikwenda katika hazina. Maji ya ndiva yanarudi shambani kwa yule yule aliyelifanyia kazi bwawa. Watu wale wale, katika milima ile ile, walikataa utaratibu mmoja na kuulea mwingine. Ni nani basi anayeweza kusema kwamba umma unaogopa mambo mapya?

4. Tusiisifu mila kupita kiasi

Uhakiki usiokuwa na ukali pande zote mbili hugeuka sifa. Ndiva nayo ilizaliwa katika jamii yenye ngazi. Ukoo uliochimba mfereji ulikuwa na kauli kubwa kuliko ukoo uliokuja baadaye. Wanawake, ambao hulima sehemu kubwa ya chakula, mara nyingi walikuwa na sauti ndogo pale zamu zilipopangwa. Mtu wa mwisho wa mfereji katika mwaka wa ukame alijua vizuri kwamba usawa una mipaka yake. Anayesema kwamba Ujamaa ulikuwa tayari umekamilika katika mila zetu, na kwamba tulichohitaji ni kuurudia tu, anafumba macho.

Kwa hiyo serikali na Chama vina kazi ya kufanya. Mpango wa Kuboresha Umwagiliaji wa Asili, uliosaidiwa na shirika la SNV la Uholanzi tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, ulionyesha njia moja ya kuifanya. Haukuanza kwa kubomoa ndiva na kujenga bwawa la kitaalamu mahali pengine. Ulizikarabati ndiva zilizokuwapo, ukashughulika na vikundi vya watumiaji wenyewe na kuhimiza uhifadhi wa udongo wa mteremko. Saruji ililetwa na mgeni. Ratiba ya zamu ilibaki mali ya wenyeji. Huo ndio uhusiano sahihi kati ya utaalamu na umma: mtaalamu hukuza kilichokwisha kuanza, na palipo na dhuluma huifungulia mlango ijadiliwe mbele ya wote.

Sheria haikuenda kwa mwendo huo huo. Sheria ya maji ya mwaka 1974 iliyaweka maji yote chini ya Jamhuri, jambo lililo sahihi kwa nchi inayokataa maji yawe mali ya mtu binafsi. Lakini mtumiaji alitakiwa awe na haki iliyoandikishwa. Ofisi ya Bonde la Pangani ilianzishwa mwaka 1991. Ofisi hutambua mwenye kibali na kiasi cha maji. Ndiva hutambua watu na zamu. Mkulima ambaye ukoo wake umetumia kijito kwa vizazi alijikuta akiulizwa karatasi yake iko wapi. Sheria ya mwaka 2009 ya usimamizi wa rasilimali za maji imetoa nafasi kwa jumuiya za watumia maji, na hiyo ni hatua mbele. Swali linabaki kama jumuiya hizo zitajengwa juu ya ndiva au juu ya fomu.

5. Tulipokosea na tukakiri

Asije mtu akadhani umangimeza ulikwenda na mkoloni. Mwaka 1972 Tanzania ilianza utaratibu wa Madaraka Mikoani. Nia yake ilikuwa njema na ya kimapinduzi: kuondoa maamuzi Dar es Salaam na kuyasogeza kwa wananchi. Lakini mpango wenyewe ulichorwa kwa msaada wa kampuni ya McKinsey ya Marekani, ambayo kazi yake ni kuwashauri wenye makampuni makubwa. Na utekelezaji wake ulikwenda sambamba na kufuta halmashauri za wilaya, vyombo ambavyo wananchi walikuwa wakivichagua. Madaraka yaliyotoka makao makuu yalishukia mezani kwa maofisa wa mkoa na wilaya, yakaishia hapo. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vikavunjwa.

Ilichukua miaka kabla halmashauri hazijarudishwa, kwa sheria za mwaka 1982 zilizoanza kutekelezwa 1984. Mwalimu Nyerere mwenyewe, katika mahojiano ya mwaka 1984, alikiri kwamba kufuta serikali za mitaa na kuvunja ushirika yalikuwa makosa. Kwa kada, kukiri huko ni somo zito kuliko hotuba nyingi. Kiongozi aliyeliongoza taifa tangu uhuru alikubali hadharani kwamba wazo jipya lililotoka kwake lilikuwa na kasoro. Ni wangapi kati yetu waliokwisha kukiri kasoro ya semina moja?

Nianze na mimi. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mkufunzi katika semina ya viongozi wa vijiji wilayani Same. Nilikuja na fomu za kubainisha vipaumbele vya kijiji, na ili kuokoa muda nilikuwa nimezijaza kwa penseli usiku uliotangulia: barabara, zahanati, madawati. Niliwaomba wajumbe waseme kama wanakubali. Walikubali. Wakati wa chai mzee mmoja akanivuta pembeni. "Mwanangu," akasema, "baba yangu alilala hapa Same kwenye ile mbiru. Nikuulize, kati ya karatasi yao na hii yako, tofauti ni nini?" Nilimjibu kwamba serikali ile ilikuwa ya wageni na hii ni yetu. "Sawa," akasema, "ni yetu. Ndiyo maana nimekuuliza badala ya kulala nje." Sikuwa na jibu. Baadaye nilifuta penseli ile na kuanza upya, na jambo la kwanza walilolitaja halikuwa barabara wala madawati. Lilikuwa mfereji uliobomoka, ambao haukuwa na nafasi katika fomu yangu.

6. Ubunifu wa leo na maswali mawili

Tukiwa na maswali yetu mawili, tutazame mambo mapya ya miaka ya karibuni.

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 vijiji vyetu vimetakiwa kupanga mipango kwa kuanzia na fursa na vikwazo vyao vyenyewe. Katika karatasi, huo ni mkutano wa kijiji uliokalia kiti cha mpangaji. Katika vitendo, mara nyingi mpango hupanda kutoka kijijini ukiwa na mambo kumi, hukutana na ukomo wa bajeti, na hushuka ukiwa na jambo moja ambalo kijiji hakikulitaja. Kinachovunja moyo si uchache wa fedha; mkulima wa Same anajua uchache kuliko mtu yeyote. Kinachovunja moyo ni kwamba hakuna anayerudi kueleza ni kwa nini tisa yamekatwa.

Mwaka 2017 serikali ilianza kutumia mfumo wa kielektroniki wa kukusanya mapato yake, ambapo mlipaji hupewa namba ya malipo na kulipa benki au kwa simu. Huu ni ubunifu wa kweli, na kada asiyeusifu hana haki. Mtoza ushuru aliyekuwa na kitabu cha stakabadhi mfukoni na kingine nyumbani amenyang'anywa silaha yake. Lakini tuulize swali la pili: ni nani anayeona hesabu? Mfumo unamwonyesha mkubwa kwamba fedha imeingia. Je, unamwonyesha mwanamke wa Mamba aliyelipa ushuru wa gunia lake la tangawizi kwamba fedha ile imefanya nini? Mtambo umeziba njia ya wizi iliyokuwa kwa mtoza. Njia ya kumjibu mlipaji haijafunguliwa na mtambo, na wala haihitaji mtambo. Inahitaji mkutano mkuu wa kijiji uitishwe kila baada ya miezi mitatu kama inavyotakiwa, na taarifa ya mapato na matumizi isomwe kwa sauti, kwa Kiswahili kinachoeleweka, na maswali yajibiwe. Katika vijiji vingapi mkutano huo hufanyika pasipo kusubiri mgeni kutoka wilayani?

Ubunifu wa namna hii si wa Upare peke yake. Katika mji wa Porto Alegre, Brazil, serikali ya mji iliyoongozwa na Chama cha Wafanyakazi ilianza mwaka 1989 kuwakutanisha wakazi wa mitaa ili waamue sehemu ya bajeti ya ujenzi na kuufuatilia utekelezaji wake. Dunia nzima imeuiga mfano huo, na Benki ya Dunia pia ikausifu. Lakini walioiga mikutano bila kukabidhi maamuzi walipata mikutano tu. Mkoloni naye aliiga jina la mbiru.

7. Wajibu wa makada

Kitabu cha Kimambo, pamoja na udogo wake, kinastahili kusomwa katika kila chuo cha makada, na kingestahili zaidi kama kingekuwa katika Kiswahili. Ni aibu yetu kwamba historia ya wakulima wa Upare inasomwa zaidi na wageni kuliko na wajukuu wa wale waliolala Same. Kisomwe pamoja na kitabu chake kikubwa cha mwaka 1991 juu ya Upare na uchumi wa dunia, ambacho kinaipanua picha hadi kufikia mwaka 1960. Lakini msomaji asiishie kuwashangilia mashujaa. Ajiulize yeye amekaa upande gani wa meza.

Kutokana na uchambuzi huu napendekeza mambo manne ya kufanyiwa kazi katika mafunzo na matawini:

(a) Kabla ya kupeleka utaratibu mpya kijijini, kada achunguze kwanza watu wanalitatuaje tatizo hilo kwa sasa. Palipo na ndiva asichimbe bwawa lake.

(b) Kila utaratibu mpya ueleze wazi nani anapima, nani anaweza kumkosoa anayepima, na ni wapi hesabu itasomwa. Usioweza kujibu haya urudishwe kwa aliyeubuni.

(c) Mtumishi wa ngazi ya chini anayegundua njia bora ya kazi apewe nafasi ya kuijaribu na ulinzi endapo atashindwa kwa nia njema. Mtendaji wa kijiji anayeogopa barua ya onyo hawezi kubuni kitu. Ataijaza fomu kama ilivyo.

(d) Mila isitetewe kwa sababu ni ya zamani. Pale ambapo zamu inamwonea mwanamke au mtu wa mwisho wa mfereji, Chama kiwe upande wa mwonewa, na hoja ipelekwe katika mkutano wa watumia maji wenyewe.

Mambo haya yanaweza kuonekana madogo mbele ya maneno makubwa ya semina. Lakini serikali ya kikoloni ilikuwa na wataalamu, ilikuwa na askari, na ilikuwa na kodi nzuri katika karatasi. Ilishindwa na wakulima waliokaa chini na kungoja. Sisi hatungojewi nje ya ofisi. Tunaitwa ndani ya mkutano na kuulizwa swali, kama nilivyoulizwa mimi wakati wa chai. Watu wanaotuuliza bado wanaamini kwamba serikali ni yao. Imani hiyo ndiyo mtaji wetu wa siasa, na tusipowajibu tutaupoteza.